Sensa ya Siku ya Kumi na Tisa

3 Machi

Baba, shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Sisi wazima, ila mjukuu wako amepatikana na kisukari kama marehemu mama. Amebandikwa sensa mkononi, kile kidude kinachopima sukari na kuituma kwenye simu. Baada ya siku kumi inajizima, na mpya siku hizi ni ghali. Nakumbuka ulikuwa na programu ya vichochoroni iliyoiendesha ya mama hadi siku ishirini. Nitumie, mwalimu wa fizikia. Na huyo binti yako aliyemwacha mama afe, salamu zake sizitaki.

Mwanao

11 Machi

Mwanangu, marahaba. Kifua kinanimaliza, daktari hanihesabii tena miezi. Basi sikia.

Usiiguse. Sensa ikijizima imekufa, na programu ile haimfufui maiti, inamfunika shuka tu. Miaka thelathini niliwapa sifuri wanafunzi walioamini mizani mbovu, kisha mimi, bwana mkubwa, nikajisifu nimekiweza kiwanda. Wala sikuwa na shida: maboksi ya sensa mpya uliyotuma yalijaa kabatini. Kiburi kitupu.

Siku ya kumi na tisa simu ilisema sukari ya mama yako ni kumi na sita. Dada yako akamtoboa kidole, akapima: tatu, imeshuka mno.

"Baba, mpe chai ya sukari. Anatetemeka."

"Rudi kwenye cherehani, ndiko unakojua kutoboa. Unabishana na kompyuta?"

"Kompyuta haitoki jasho, Baba. Mama anatoka."

Nikamsukuma nje, nikafunga mlango, nikamdunga mama yako insulini.

Nawe nikakwambia dada yako hakuwepo. Una digrii mbili, ukameza bila kutafuna. Hukumuuliza hata swali moja. Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Baba yako

29 Machi

Mwanangu, hujambo? Mtoto je? Hukunijibu, na sikulaumu.

Jana dada yako alibisha hodi, mara ya kwanza tangu mazishi. Hakuniamkia. "Mpumbavu mwenzako amenililia simu nzima," akasema, yaani wewe. Nikaomba msamaha. "Fungua kabati."

Akasoma tarehe ya kila boksi. Mawili yalikuwa yamepitwa na tarehe kwa siku moja tu.

"Hayo bado yanafaa," nikasema.

Alinitazama kama kitu alichokanyaga njiani, akayatupa pipani. Mazima akayafunga kwenye kanga ya mama yenu, pamoja na kile kipimo cha kidole.

Atafika kwako Jumamosi. Mfungulie mlango.

Baba yako