Kwa Nini Jeshi Lilimwacha Mwangeka

Jumapili, jioni. Upepo wa leo hapa Voi umeingiza vumbi jekundu hadi kwenye kabati la vyombo, na sina hamu ya kulipangusa.

Ni miezi saba sasa tangu mume wangu arudi nyumbani. Mwangeka alikuwa sajini jeshini, fundi wa malori makubwa. Siku aliyorudi aliniambia maneno machache tu: muda wake kwenye cheo umeisha, hakupanda, kwa hivyo sheria inamtaka aondoke. Ndivyo jeshi lilivyo, alisema. Ukifika miaka fulani hujapanda, unampisha mwingine.

Sikumwamini.

Mimi ni mwalimu. Kwetu shuleni mtu anaweza kukaa daraja moja hadi kichwa kiwe cheupe na hakuna anayemgusa. Nikawa najiuliza, fundi mwenye nguvu zake, hana ugonjwa, hana kesi, anaachwaje kwa sababu ya kutopanda tu? Kanisani walinipa pole, lakini niliyaona macho yao. Shemeji yangu wa Wundanyi aliniuliza waziwazi kama kuna kitu kilipotea kambini. Nilimkaripia. Halafu nikaanza kujiuliza hilo hilo.

Na kuna simu. Mwanamke anayeitwa Mshai hupiga asubuhi hata kabla ya chai. Mwangeka huichukua, hutoka hadi kwenye tangi la maji, na hurudi akiwa amechangamka. Huo uchangamfu mimi sijauona mezani kwangu tangu arudi.

Nakiri hapa: nimepekua simu yake. Sikukuta ujumbe wowote wa mapenzi, ila picha ya chuma cheusi kilichojaa mafuta. Nikapekua na sanduku lake. Sare zimekunjwa vizuri, na barua ya jeshi inamshukuru kwa utumishi wake. Hata heshima ya ile barua niliishuku.

Mwisho nikajipa jibu mwenyewe. Walimfumania na askari wa kike, wakamtoa kimya kimya.

Leo tumetoka ibadani nikakuta mwanamke ameketi barazani kwetu, nguo za kiraia, mgongo umenyooka. Akasimama. "Hujambo, Mama Saru. Mimi ni Mshai. Naenda likizo kwetu Taveta, nikasema nipitie kumsalimia afande."

Nikaingia jikoni na kuacha mlango wazi makusudi.

Muda wote huo walizungumza juu ya breki za lori. Mwangeka alichora kitu nyuma ya karatasi ya matangazo ya kanisa, Mshai akauliza, akachora tena. Nilipoleta chai nikashindwa kuvumilia.

"Mshai, wewe na mume wangu mna nini?"

Mwangeka akatazama sakafu. Mshai hakukasirika.

"Mama Saru, mimi ndiye niliyechukua nafasi yake. Alinifundisha kazi nikiwa koplo. Alipoondoka ndipo nikapanda. Sasa gari likinishinda namuuliza yeye."

"Kwa hivyo wamemtoa anayejua, wakabaki na anayeuliza."

Nilisema vibaya, najua. Mshai akanywa chai kidogo kwanza.

"Ni kweli, hasara ipo. Lakini asingeondoka, mimi ningebaki koplo. Wenzangu wawili walichoka kungoja nafasi, wakaacha kazi, na walikuwa mafundi wazuri." Kisha akamgeukia Mwangeka. "Afande, kwani hukumwambia habari ya kozi?"

Akanieleza yeye mwenyewe.

Hivyo ndivyo nilivyojua, kutoka kwa mgeni, kwamba Mwangeka aliitwa kwenye kozi ya kupandishwa cheo mara mbili. Na mara zote mbili alikataa, kwa sahihi yake mwenyewe.

Mshai alipoondoka kwenda stendi, nilimuuliza kwa nini.

"Ningepanda ningetolewa karakana," alisema. "Ningekuwa mtu wa kupanga zamu na kusimamia gwaride. Mimi nilitaka kubaki na injini. Nilifikiri kwa vile nafanya kazi vizuri wataniacha."

"Na mimi, mbona hukunieleza?"

"Nilijua utaniambia niende."

Kweli. Ningemwambia aende. Ningempakia begi mwenyewe.

Tangu hapo nawaza juu ya hiyo sheria na bado siiamini. Inasema inaondoa waliolala ili wenye bidii wapite. Shuleni kwetu kuna mwenzangu anayesoma darasani kutoka daftari lile lile tangu nilipoajiriwa. Mara ngapi nimetamani sheria kama hiyo imkute. Lakini itamtofautishaje na Mwangeka? Mmoja amekaa pale pale kwa uvivu, mwingine kwa kuipenda kazi, na kwenye fomu wote wanaonekana sawa. Naye Mshai sitaki arudishwe ukoplo. Sijui nani wa kumlaumu, na hilo linanikera kuliko nilipokuwa na mwanamke wa kumlaumu.

Jambo moja la mwisho. Mchana huu mwenye gereji fulani kule Maungu amempigia. Anataka msimamizi wa mafundi wake. Mtu wa kukaa mezani na kuwapangia wengine kazi. Mwangeka amesema atafikiria, kisha akaingia chini ya pikapu ya jirani, na kutoka hapa ninapoandika naona miguu yake tu.

Nilifungua mdomo kumwambia aikubali hiyo kazi. Nikaufunga.

Sijui nitaufunga hadi lini.