Nyuzi Tatu za Meja Kefa

Jumatatu, 14 Julai 1975

Meja Kefa amekufa! Mwenyekiti wa kijiji kaja zahanati sijafungua hata dirisha, redio kwapani. Alifariki jana, hospitali ya jeshi, Dar es Salaam. Ini. Lori la jeshi linamleta azikwe kwao, hapa hapa Kinyangiri, Jumamosi.

Nikasema apumzike kwa amani. Kisha nikaingia stoo ya dawa, nikafunga mlango, nikacheka. Nilicheka mpaka nikashikilia rafu. Mungu wangu, Wewe unanijua, sina la kukuficha. Wagonjwa kumi na wanane nje kwenye baridi, na mimi nacheka.

Jumanne, 15 Julai

Mchungaji Samweli kaniita. Historia ya marehemu lazima isomwe kaburini, na mwandiko wangu ndio unaosomeka. Alitufundisha udresa, kazi ya kufunga na kushona vidonda, mwaka mzima wa sitini na sita, kwa hiyo nani mwingine? Kanipa karatasi mbili. Zisizidi mbili, maana na wanajeshi watasema.

Halafu akashusha sauti. "Usisahau habari ya yule kijana Marko, Mama Sara. Alivyofia chuoni, Meja akampeleka mwenyewe kwa mama yake kwa gari la jeshi. Akamlilia. Hapo watu watatoa machozi."

Nikasema ndiyo, Mchungaji.

Kwa nini nasemaga ndiyo?

Jumatano, 16 Julai

Nimeandika asubuhi yote. Alizaliwa, akachunga mbuzi, akabeba machela vita vya Burma, akaona madaktari wanavyokata, akaapa na yeye atakata. Akasoma Uganda. Nchi ilipopata jeshi lake akapewa umeja. Baadaye akaletwa kutufundisha sisi wa darasa la nane, tuwe dresa wa vijijini. Yote kweli. Na mkono wake — Mungu alimpa mkono! Alitoa risasi huku anapiga mluzi wimbo wa kanisani. Sara wangu alipopata kidole tumbo, yeye ndiye aliyempasua. Mtoto yupo leo, anakula, anabishana na mimi. Hilo nimeliandika kwa moyo mmoja.

Ambayo sikuandika: koleo kwenye vifundo vya vidole ukikosea jina la mshipa. Mimi alikuwa ananiita mtamba, kama ng'ombe. Aliyezimia mbele ya maiti alisimamishwa kwa mguu mmoja mpaka kengele ya chakula. Na zile nyuzi. Kila mwaka kabla ya mtihani kila mwanafunzi alichanjwa kwa wembe mkono wa kushoto, na mwenzake akamshona nyuzi tatu bila ganzi. Alisema vitani ganzi inaisha siku ya kwanza, na dresa asiyejua maumivu atachezea watu.

Ninazo. Zinawasha kukiwa na baridi. Leo zinawasha.

Alhamisi, 17 Julai

Sijui nianzie wapi. Mama yake Marko amekuja! Bibi Magdalena. Amepanda lori la pamba, kisha akatembea toka asubuhi na kibuyu cha asali kichwani. Mchungaji akaona hana ndugu hapa, akamleta alale — kwangu! Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanikumbatia, akaniita mwanangu. Marko alikuwa anamsimulia habari zangu kwenye barua alizosomewa na watu.

Asali ni ya Meja. Kila mavuno ya asali alimtumia kibuyu. Miaka tisa! Na yule mtu akaila.

Wakati uji unachemka akanieleza. Mwaka jana, kwenye Operesheni ya kuhamishia watu vijiji vya ujamaa, mgambo waliezua nyumba yake, wakampakia kwenye lori na kuku watatu, wakamshusha kijiji kipya. Kaburi la Marko lilibaki kule. Sasa ni shamba la ujamaa, trekta limepita. Alikwenda akalitafuta, akakuta alizeti. Alisema hivyo bila kulia, anapuliza moto. Akasema afadhali Daktari, Meja wake huyo, kaburi lake litapata saruji.

Anasoma elimu ya watu wazima. Kwa miezi minne ameshika neno moja tu, MARKO. Akanichorea kwenye majivu. Anacheka mwenyewe, eti kichwa chake ni jiwe.

Basi niandike sasa, niyamalize. Darasa la nyuzi lilifanyika uani, kwenye mwanga, pale walipofungwa punda wa maji. Tulikuwa kumi na wawili, sindano moja. Mimi na Marko tulikuwa wa mwisho. Akanishona, akanipuliza mkono kama mtoto. Zamu yangu, sindano ikaniponyoka, ikaangukia kwenye mavi ya punda. Meja akaiokota. Akaifuta kwenye kaptura. "Shona, mtamba, wenzako wana njaa." Wiki ile ile alikuwa ametufundisha pepopunda inatoka wapi. Mavi, udongo, chuma. Nilikuwa nimeiandika kwenye daftari, na mwandiko wangu huu mzuri.

Nikashona. Marko akasema fanya haraka tu, dada.

Siku ya tisa taya la Marko likakaza. Meja akamfungia chumba cha nyuma na kufunga madirisha, maana hata mwanga ulimkunja kama upinde. Kwenye daftari la wagonjwa akaandika malaria ya kichwani. Akatupanga mstarini: atakayetamka jina jingine la ugonjwa arudi kwao bila cheti. Mume wangu alikuwa amekufa mwaka ule, Sara ana miaka miwili.

Tulifaulu wote. Mwaka ule tulifaulu wote!

Ijumaa, 18 Julai

Maiti imefika. Askari sita, bendera. Mjane wake, Mama Martha, amevaa miwani myeusi, haongei na mtu.

Mazengo naye kaja, tulisoma wote. Sasa ni Bwana Afya wa tarafa, tumbo limetangulia. Ana mpango: kesho wanafunzi wa Meja tujipange mbele ya jeneza, tukunje mikono ya nguo, kovu lionekane, tupige saluti. Nikasema mimi sikunji.

"Umekuwa mtawa, Mama Sara? Au ngozi imezeeka?" Watu wakacheka.

Nikamvuta kando, nikamwambia Bibi Magdalena yuko kwangu. Akaacha kucheka. "Daftari linasema malaria."

"Unajua haikuwa malaria."

"Sawa. Simama kesho useme. Halafu watakuuliza sindano alishika nani. Utawajibu nini?"

Akanipiga-piga begani, akaenda kwenye nyama.

Jumamosi, 19 Julai

Nimesoma. Sauti haikutetemeka hata kidogo, nilijishangaa. Nilipofika "akamrudisha kijana Marko kwa mama yake kwa mikono yake mwenyewe," wanawake wakaangua kilio. Bibi Magdalena alisimama, akanyanyua mikono, akashukuru. Mchungaji akanitazama kama mtu aliyeshiba.

Bunduki zikapigwa. Watoto wakakimbia, mbuzi wakakimbia.

Tukajipanga. Tumebaki saba. Mazengo akaamuru, mikono ikakunjwa, na mimi nikakunja! Bibi Magdalena akaja na kibuyu chake akitaka kukiweka kwenye jeneza. Akapita mbele yetu, akasimama. Akashika mkono wa kwanza. Akapitisha kidole juu ya kovu. Wa pili. Wa tatu.

Ni yeye aliyeuosha mwili wa Marko, alinieleza juzi. Aliziona zile nyuzi zikiwa mbichi, na Meja alimwambia pale ndipo dawa ya malaria ilipoingizwa, walijitahidi sana.

Akafika kwa Mazengo. Akauliza kwa sauti ya kawaida tu, kama anauliza bei ya chumvi, "Na wewe uliugua malaria?"

Mazengo akatazama bendera.

"Na huyu? Wote mliugua malaria?"

Mama Martha akasema, bila kuvua miwani, "Mtoeni huyo bibi, amechoka." Askari wawili wakamshika makwapa, taratibu, wakamkalisha chini. Kibuyu kikabaki mikononi mwake. Hakufika kwangu. Nilikuwa wa mwisho. Nikashusha mkono wa gauni.

Jumapili, 20 Julai, asubuhi

Sijaenda ibada. Mara ya kwanza tangu nijifungue Sara.

Lori lake ni saa sita. Amekunywa uji, hajasema neno juu ya jana. Mimi nikaenda kufunga chumvi na sabuni nimpe za njiani, nikaliacha daftari hili mezani. Niliporudi amelifungua. Nikacheka, nikasema ni mambo ya zahanati tu, Bibi, dawa na nini.

Alikuwa anapitisha kidole kwenye mistari, polepole, kama jana kwenye mikono. Kikasimama.

"Marko," akasema.

Akafunua. "Marko. Na hapa, Marko. Hapa tena." Ukurasa wa Alhamisi. Akanitazama usoni, kisha akanitazama mkono wa kushoto. "Jina la mwanangu liko humu mara nyingi, Mama Sara. Haya mengine yaliyomzunguka siyajui. Utanisomea."

Nikasema ndiyo.

Akasema ananawa uso kwanza, hawezi kusikiliza habari za mtoto wake ana matongo machoni. Ametoka nje na kata ya maji.

Naweza kumsomea zaburi. Naweza kumsomea zile karatasi mbili za Mchungaji, nikitaja Marko, Marko, kila kidole chake kinaposimama. Hatajua. Naweza kuchana Alhamisi, karatasi hizi hazina nguvu — nimeishika, nyuzi za jalada zinalegea —

Maji yameacha kumiminika. Anavua viatu mlangoni.