Mwanangu Bado Anapima

Kewanja, 12 Januari 2025

Wegesa mwanangu,

Hujambo huko Cape Town? Sisi wazima. Mama yako yuko Ringwani na shamba, mimi bado niko huku kwenye dhahabu. Tunachimba duara moja, shimo la dhahabu, na Tomaso, yule wa Nyamisangura. Ananiuliza binti yangu anasomea nini, namjibu nyota, basi. Akiuliza zaidi nakwama. Hebu niambie vizuri, unapima nini?

Baba yako,
Kornelio

Cape Town, 19 Januari 2025

Tata, shikamoo.

Mimi mzima, ila upepo wa huku unataka kung'oa madirisha. Umenifurahisha kuuliza. Nyota hukaa kwa makundi makubwa, magalaksi, nayo yanazidi kuachana. Kinachoyasukuma hakionekani, tunakiita nishati ya giza. Mwanga wa mbali hutufikia umechelewa sana, kwa hiyo tukitazama mbali tunaona zamani. Wengi waliamini msukumo huo haujawahi kubadilika. Mimi natengeneza hesabu inayouruhusu kubadilika, kisha nailinganisha na vipimo vya magalaksi na vya nyota zilizolipuka. Tata, inaonekana msukumo unalegea! Lakini nikiondoa kundi moja la nyota hizo, dalili inafifia. Mwenzangu ananisihi, "Liache humo, utangaze." Sijaamua.

Na hilo duara, mmeweka magogo ya kutosha? Mvua ikinyesha msishuke.

Mwanao,
Wegesa

Cape Town, 22 Februari 2025

Tata,

Shikamoo. Mama amenipigia, duara limebomoka na ninyi mko chini. Najua simu yako imezimika. Naandika hivyo hivyo.

Jana niliwasilisha kazi yangu. Niliwaonyesha hesabu zote mbili, yenye kundi lile na isiyo nalo, nikasema bado hatujui. Nilitaka wewe uwe wa kwanza kusikia.

Toka huko, Tata.

Wegesa wako

Ringwani, 9 Machi 2025

Wegesa mwanangu,

Marahaba. Niko nyumbani, mguu una plasta, kula nakula. Mvua ilinyesha na tulishuka. Udongo ukaziba njia, taa ikafa. Tomaso alianza kusinzia, nikaogopa asilale moja kwa moja, basi nikamsimulia kazi yako. Nikamwambia kuna mwanga umetoka mbali kupita kiasi na bado unafika. Akaniuliza polepole, "Hiyo nguvu ikiisha, magalaksi yatarudiana?"

"Sijui. Mwanangu bado anapima."

"Basi apime vizuri."

Tukaendelea hivyo kama watu wanaoota, giza lote limejaa nyota, hata sikujua tena juu ni wapi. Kisha tukasikia sururu.

Nimesoma ulivyowaambia hamjui. Umefanya vema, mama.

Tomaso amepona, amerudi kuchimba. Alipita kunichukua, nikakataa. Siku hizi jioni natoa kiti uani, natazama juu. Mama yako huniita chakula mpaka achoke, halafu naye analeta kiti chake.

Baba yako,
Kornelio