Vidonge Tisa vya Mama

Kaka alipofariki Jumatatu ile, kompyuta mpakato yake ilibaki imefunikwa kwenye chaji siku tisa. Leo nimeifunua nitafute picha zake.

Jamani, simu ya mama ikaanza kulia! Ujumbe wenye jina la kaka! "Mama, meza kidonge cha presha." Mara tisa mfululizo! Mama akaondoka na simu kuelekea jikoni.

Nikampigia mwenzake wa kazini.

"Ni kipima muda alichokuwa anakitengeneza kwenye lugha ya programu tunayoiunda kazini, kimtumie mama yenu ujumbe wa dawa kila siku. Kompyuta ikilala, mifumo mingine inaruka zamu zilizopita. Huu wake unazifyatua zote ikiamka. Hakumaliza kurekebisha."

Nikakimbilia jikoni.

"Mama, umemeza vingapi?"

"Kila aliposema, nilimeza kimoja. Mwanangu huyo, ningembishia vipi?"

Tisa! Tisa, rafiki yangu! Nikamkimbiza hospitali.

Nakuandikia kutoka huku. Muuguzi anampima presha kila robo saa.