Faili Iliyokuja Peke Yake

Kijijini, karibu na Kutulo
2 Oktoba 2023

Ndugu yangu, walaal Koome,

Assalamu alaykum, hata kama wewe ni mtu wa Jumapili. Afya yako je? Joto la Garissa halijakumaliza? Sisi tupo, Alhamdulillah. Mke wangu Maryan anakusalimu, anauliza utaoa lini.

Barua hii anakuletea dereva Abshir kwa sababu simu zimekufa. Wale majambazi wa msituni wameulipua mnara. Mlinzi wake wamemchinja, wakamwacha vipande barabarani, tukamwokota sisi kwa mikono. Wamesema wanaofuata ni walimu wa kutoka bara, wale wasio Waislamu.

Kinga yetu ni ile programu uliyotuandikia ulipofanya kazi huku: mtu akibonyeza kitufe, simu zote zilizounganishwa na waifai ya zahanati zinapiga mayowe, tunakimbilia kambi ya polisi. Nimeongeza nyumba za walimu, sasa Gradle, kile chombo cha kuijengea, inakataa kuijenga upya. Inataka kuteremsha maktaba zake, zile faili za msimbo ambazo programu inazitegemea, kutoka mtandaoni, na mtandao hakuna. Nitumie hizo faili kwa mkono. Dada yako Caro, naye mwalimu, anaishi kwenye nyumba hizo na kuondoka hataki.

Ndugu yako,
Nuh

Garissa
7 Oktoba 2023

Ndugu yangu Nuh,

Salamu kwako na kwa shemeji Maryan. Mwambie nitaoa akinitafutia. Mimi mzima, ila tangu nisome barua yako nakesha nikikusanya faili.

Abshir ana flashi. Faili zote za maktaba, zile za JAR, ziweke kwenye folda ya libs ndani ya mradi, halafu badilisha faili ya build.gradle kama nilivyoandika humo, maktaba zichukuliwe kwenye folda hiyo, zisitafutwe nje. Na huyo Caro mfunge kamba umpakie garini kama mbuzi! Mkaidi hafaidi hadi siku ya Idi.

Kaka yenu,
Koome

Kijijini
12 Oktoba 2023

Walaal,

Salaam nyingi. Umenipa raha, wallahi. Imejengeka bila onyo hata moja, na nimeiweka kwenye kila simu.

Kitufe hatujakibonyeza. Unawajua watu wangu: king'ora kikilia, nani atauliza kama ni majaribio? Tulipojaribu mara ya mwisho askari walifyatua risasi ovyo, wakamuua ngamia wa jirani yetu Saynab na kumvunja mzee mmoja mguu. Wazee wakakata shauri kisilie tena ila adui akifika.

Caro anasema kamba hiyo ujifunge wewe. Anakula kwetu kila siku. Maryan amemfanya mdogo wake.

Ndugu yako,
Nuh

Garissa
18 Oktoba 2023

Nuh,

Salamu baadaye. Nimekosea vibaya! Maktaba ikiteremshwa kutoka mtandaoni, Gradle huleta pamoja nayo wenzake wote inaowategemea. Ikiletwa kwa mkono huja peke yake. Ile ya sauti inategemea nyingine ambayo sikuiweka. Programu itajengeka, itafunguka, lakini ukibonyeza kitufe itazimika palepale.

Msiitegemee! Faili iliyobaki anayo Abshir. Wekeni walinzi, na Caro mtoe huko, nakuomba kwa jina la mama yangu.

Kaka yako,
Koome

Kijijini
24 Oktoba 2023

Koome,

Assalamu alaykum. Hali yangu usiulize.

Barua yako imefika jana. Wao walifika Ijumaa, wanaume tukiwa kwenye swala, walimu wamerudi nyumbani kula. Caro alibonyeza kitufe, ikazimika. Akabonyeza tena, ikazimika. Wakavunja mlango wa kwanza kwa shoka. Mwalimu Kinoti wakampiga risasi ya mdomo. Mwalimu Wanji wakamkata shingo sakafuni.

Maryan alikuwa kwa Caro, amempelekea maziwa. Alivua jilbabu yake akamvika, akamwambia akae chini, afunge mdomo. Kisha akasimama mlangoni kichwa wazi. Wakamwambia asogee. Akawatukana kwa Kisomali, akasema humu yumo mdogo wangu. Wakampiga risasi ya tumbo, halafu ya uso, kisha wakatusikia tukija, wakakimbia.

Milio ya risasi ndiyo iliyotutoa msikitini. Mmoja wao nilimkuta uani. Nilimkata kwa panga, nikaendelea kumkata hata alipoacha kusogea, mpaka polisi wakanivuta.

Dada yako hana hata mkwaruzo.

Faili yako nimeiweka. Leo asubuhi nimebonyeza bila kumwuliza mzee yeyote, ikalia, kijiji kizima kikakimbia. Nimekaa kwenye kiti nikaiacha ilie mpaka betri ikaisha.

Caro ndiye anayekuletea barua hii. Mpe maji ya kuoga. Jilbabu ya Maryan hataki kuivua, usimlazimishe.

Msamaha usiniombe kwa karatasi. Njoo mwenyewe, uniite walaal nikikutazama, tuone kama nitaitika.

Nuh