Sekunde Tatu za Kuresoi

Jumanne, Kiamunyi

"Laini ikikatika sekunde tatu, mteja hata hajui." Meneja wetu wa kampuni ya intaneti alisema hivyo mkutanoni, na wenzangu wakaitikia kwa vichwa.

Upuzi. Laini ya Kuresoi ilirudi baada ya sekunde tatu, kweli. Lakini ruta, mitambo inayopokezana data, zilikuwa zimeshavunja mawasiliano na kutupa lebo zinazoelekeza data. Data ikarudi kwenye laini kabla ruta hazijajuana upya, ikapotea dakika nzima. Muuguzi wa zahanati alikuwa kwenye video na daktari wa Nakuru, akielekezwa kuzuia damu ya mama aliyejifungua.

"Boss, nilibaki na mikono yangu tu," aliniambia kwa simu.

Mama yuko hai. Si kwa sababu yetu.

Njia ya pili, ya Molo, ilikuwa nzima. Ruta zingesalimiana kupitia huko na kutunza lebo hadi laini irudi. Ni mstari mmoja tu wa amri wa kuongeza kwenye ruta, nikawaambia.

"Mzee, huo ni urembo," meneja akacheka.

Mvua inakuja, laini zitakatika tena, na naogopa.

Ninyi mlioitikia kwa vichwa: kesho, kabla ya chai, wekeni mstari huo, au mpigieni muuguzi mumweleze wenyewe kwamba hakujua.