Upande wa Kichwa Ulioniachia

Mtani wangu Mrisho,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, maana kaburini nilishuka mwenyewe nikakupokea, na mzito ulikuwa, we Mnyamwezi, utadhani umeondoka na kiti chako cha kunyolea. Barua hii naiandika kwa mkono wangu. Darasa la tano niliacha kwa sababu walimu walikuwa wameishiwa ya kunifundisha, hilo nilishakusimulia.

Nina habari ya kichwa changu na habari ya mwanao Idi. Zimeshikana hizo, na wewe ndiye uliyezishikanisha.

Jioni ile ulikuwa umeninyoa upande wa kulia wote, umefika utosini, umeme ukakatika. Mimi nilikuwa nawasimulia watu yule mamba niliyemshika mkia kule Delta. Ukasimama na mashine yako imekufa mkononi, ukasema, "Juzi mamba huyu alikuwa na futi nane. Leo kumi na mbili. Unamlisha nini?" Kibaraza kizima kikaangua kicheko. Ukanipangusa shingo, ukanivika kofia yangu. "Njoo asubuhi nikumalizie. Nenda hivyo hivyo, Mndengereko nusu ana nafuu kuliko Mndengereko mzima."

Asubuhi nikaja. Banda limefungwa. Kwako uani watu wanafunga turubai. Presha, walisema, kabla ya adhana ya alfajiri.

Mkeo Mwajuma, dada yangu wa ukoo, alikuwa amekaa tu. Halii, hasemi. Uji wamemletea, hakuupokea. Wazee wakawa wananitazama mimi, kwa sababu wewe Mnyamwezi na mimi Mndengereko, na msiba wa mtani una kazi yake, kuwatania wafiwa mpaka wacheke, na kazi hiyo hapa Bungu anaijua nani kama si mimi. Jeneza linatoka, nikasimama mlangoni, nikavua kofia.

"Hatoki huyu. Mnaona alivyoniacha? Mrudisheni ndani amalize kazi yake kwanza."

Mrisho, nilidhani nimeharibu. Halafu kutoka ndani nikasikia kitu kama kikohozi, kumbe dada anacheka, anacheka, kicheko kikamgeuka kikawa kilio, na akina mama wote wakamfuata. Hapo ndipo nilipokupa ruhusa ya kwenda zako. Hapo ndipo nilipokupa ruhusa ya kwenda zako.

Sasa, kichwa. Sikukimalizia. Walioniuliza niliwajibu kwamba mkono wa kugusa kichwa hiki baada ya Mrisho bado haujaumbwa. Nilisema hapa Bungu, nikasema Kibiti stendi, nikaenda kwa shemeji zangu Mtunda nako nikasema. Mabasi ya kusini yalikuwa yanapunguza mwendo abiria wanione. Imamu akaniita pembeni. "Mzee, kunyoa nusu na kuacha nusu dini haipendi. Malizia, au acha ziote zilingane." Nikamwambia ni msiba. Akasema, "Msiba wa rafiki ni siku tatu." Nikaivuta kofia hadi masikioni nikaondoka.

Kwako sikufichi. Nikifika karibu na banda lako miguu ilikuwa inakata kona yenyewe. Ile sauti ya mashine, kuisikia nyuma ya shingo halafu isiwe wewe, hapana. Hapo nilishindwa, mimi niliyemshika mamba...

Haya, basi.

Idi ameacha bodaboda. Amefungua banda lako, kioo amekisugua mpaka kinaumiza macho, vitambaa amefua. Na mkono anao, si ulimfundisha mwenyewe kabla pikipiki haijamchukua? Lakini alikuwa anakaa tangu asubuhi mpaka jua linazama, watu wanampita, wanamsalimia vizuri, wanapanda gari wanakwenda kunyolewa Kibiti. Mimi nilisema ni kwa sababu wanaukumbuka mwendo wake wa pikipiki.

Juzi dada akaniita. Yuko eda, akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia.

"Kaka, hicho kichwa unakitembeza cha nini?"

"Namwomboleza shemeji."

"Unamwomboleza, au unamnyima mwanangu riziki? Kila anayekuona anajua Bungu hakuna kinyozi tena. Mjomba mtu hataki kukaa kwenye kile kiti. Nani mwingine atakaa?"

Mbele ya pazia lile nikavua kofia, nikaivaa tena. Nikaaga.

Ijumaa asubuhi, saa ile wanaume wanatafuta kujisafisha kwa ajili ya msikitini, nikaenda. Miguu ikataka kukata kona, nikaikatalia. Nikamwambia Idi, "Kitoe kiti nje, kiweke pale watu wanapoona."

"Mjomba, nje kuna vumbi."

"Kitoe."

Nikakaa, nikavua kofia. Watu wakajaa kama tunagawa nyama. Muuza korosho mmoja akaniuliza, "Vipi mzee, mkono umeshaumbwa?" Nikamwambia anyamaze, fundi asije akachafukwa.

Mtoto wa watu akawasha mashine, Mrisho. Wewe ulikuwa ukinishika kisogo unasema, "Inamisha kichwa, na mdomo nao." Yeye alikishika kisogo tu. Mkono wake mzito kuliko wako, anaisukuma mashine kama anapandisha pikipiki kwenye mchanga. Nyuma ya sikio akanikwaruza. Machozi yakanijia, si ya ule mkwaruzo. Nikaona watu wananikodolea macho, nikasema kwa sauti wasikie mpaka ng'ambo ya barabara, "Huyu ana mkono mwepesi kuliko baba yake."

Nimekusingizia, mtani. Usiponisamehe, njoo unishtaki.

Akanipaka spiriti, akanipiga poda. Niliposimama, yule muuza korosho alikuwa ameshakaa. Nyuma yake wengine wakaanza kuulizana nani alitangulia. Idi akaniangalia mara moja, akarudi kwenye kazi. Dada nimempelekea habari, akajibu kutoka ndani, "Alhamdulillahi," basi.

Lala salama, shemeji yangu, na Mola akupanulie kaburi. Ahadi yangu ni hii: kila Ijumaa nitakaa pale kibarazani kwako, nitasimulia mpaka benchi lijae, na wa kwanza kukaa kwenye kiti nitakuwa mimi, hata kama sina unywele. Idi hatakaa tena peke yake na kioo.

Ule upande ulioninyoa wewe nywele zilikuwa zimeshaota, akazipitisha mashine pamoja na za upande wa pili. Jana nimepapasa kichwa kizima, mbele na nyuma. Sijui tena wewe uliishia wapi na mwanao alianzia wapi.

Mtani wako,
Mjomba wa Idi